Somoe, Jina Linalofunika Jina

Ukitaka kujua kama umefika Nachingwea kweli, nenda sokoni asubuhi, simama kwenye mafungu ya ming'oko, ile mizizi ya porini tunayoichemsha, halafu ita "Somoe!" kwa sauti ya mtu mwenye haraka. Watageuka wanawake wasiopungua watano, na mmoja wao atakuja juu kukuuliza unamwitia nini mtoto wa watu namna hiyo. Mimi ni mmoja wa hao wanaogeuka. Nimegeukia miito isiyonihusu mara nyingi kiasi kwamba siku hizi, nikiwa kwenye cherehani yangu na jina likaitwa barabarani, namaliza kwanza mshono ndipo nainua macho. Anayenitaka kweli ataita tena.

Shule ya msingi nilisoma Matambarale, upande wa Ruangwa, kwao mama. Darasani tulikuwa Somoe sita. Mwalimu alivumilia wiki ya kwanza, ya pili akachoka, akatugawia nyongeza: Somoe Mrefu, Somoe wa Kisimani, Somoe Mkimya, na kadhalika. Mimi nilikuwa Somoe Mapengo, kwa sababu meno ya mbele yalikuwa yametoka. Meno yakaota, nyongeza ikabaki hadi darasa la saba, na hata leo yuko mwanamke mmoja pale stendi ya Ruangwa ambaye akiniona hunipigia kelele "Mapengo!" mbele za watu, nami na umri wangu huu.

Mwalimu huyohuyo ndiye aliyetufungulia neno lenyewe ubaoni. Somo, alisema, si hili la darasani tu. Somo ni mtu mnayeitwa jina moja, wajina wako. Kisha akaandika: mume wake, mumewe. Ndugu yake, nduguye. Somo yake, somoe. Akaweka chaki chini, akatutazama sisi sita.

"Kwa hiyo ninyi hamna majina," alisema. "Kila mmoja ameitwa wajina wa mtu fulani, na huyo mtu mwenyewe hajatajwa."

Darasa zima lilicheka, nami nilicheka. Lakini baada ya shule nilikimbia hadi nyumbani. Mama alikuwa nyuma ya nyumba anamenya muhogo. Nikamuuliza, bila hata salamu, mimi ni somo ya nani.

"Ya bibi yako mzaa baba," alisema.

"Aliitwa nani?"

Kisu kikasimama. Mama hakuwa mtu wa kufoka, na siku ile pia hakufoka. Alinitazama tu kama mtu aliyeombwa avue nguo sokoni.

"Wewe una akili kweli?" aliniuliza. "Yule ni mkwe wangu."

Ikaishia hapo. Nilikuwa mdogo, lakini sikuwa mdogo kiasi cha kutoelewa. Kwetu mwanamke hamtaji mama mkwe wake kwa jina. Hamtaji mbele yake, hamtaji akiwa hayupo, na akifa anazikwa na mkwewe bado hajamtaja. Sasa mtoto wa kike akizaliwa, upande wa baba wakampa jina la huyo bibi, aliyemzaa atamwitaje? Atasimama mlangoni jioni kumpigia kelele mkwe wake aje kuoga? Akimkaripia kwa kuunguza mboga, anamkaripia nani? Wanawake wakatafuta njia ya kupita. Wakamwita Somoe, wajina wake, na kila mtu akaelewa anasemwa nani bila mtu kusemwa. Sijui nani alianza. Nimewauliza kina mama wengi wanaokuja kushonesha kwangu, na kila mmoja ananiambia walianza watu wa kwao.

Ndiyo maana tuko wengi. Watu hudhani Somoe ni jina moja lililopendwa sana huku kusini. Si moja. Ni majina mamia, yote yamejifunika khanga moja. Mimi na Somoe Mrefu tuliitwa sawa miaka saba, na kumbe huenda majina yetu hayakufanana hata herufi.

Jirani yangu wa Nachingwea ni Mkatoliki, analima ufuta na anaimba kwaya. Kwao nako wana somo, ila wa kwao ni mtakatifu, na siku ya somo wake anapika pilau na kunipelekea sahani iliyofunikwa vizuri. Mwaka mmoja, tukiwa tunakula, nilimweleza habari za somo yangu mimi. Alicheka hadi akaweka kijiko chini.

"Sasa wewe somo wako hata jina humjui," alisema. "Ukikutana naye huko mbele utamwambiaje?"

Nilimjibu kwamba yeye atanijua mimi. Kusema kweli swali lile lilinichoma kidogo, lakini pilau ilikuwa nzuri, nikaendelea kula.

Mtu atashangaa nilifikaje ukubwani bila kulijua jina langu. Si ajabu kama inavyoonekana. Baba alifariki nikiwa sijaanza kutembea. Bibi akamfuata kabla mwaka haujaisha. Mama akanibeba, akarudi kwao Matambarale, na kule hapakuwa na mtu wa upande wa baba wa kuniita vingine. Shule niliandikishwa Somoe, nikachezwa unyago nikiwa Somoe, nikaolewa Somoe, na kitambulisho changu cha taifa kinasema Somoe. Hakuna aliyenidai jina jingine, nami sikudai.

Aliyenidai ni binti yangu. Ninaye mmoja tu, anaishi Ruangwa mjini na mumewe, na mwaka huu, korosho zilipoanza kudondoka, alijifungua mtoto wa kike. Siku ya tatu alinipigia simu.

"Mama, tumekubaliana mtoto achukue jina lako."

Nililia. Sioni haya kusema. Wenzake wa rika lake wanawapa watoto majina waliyoyaokota kwenye simu, majina ambayo bibi mzaa mama hawezi kuyatamka bila kung'ata ulimi, na hao kina Somoe wadogo siku hizi utawatafuta. Mimi nilishajiandaa kisaikolojia kwa lolote. Sasa naambiwa ni mimi.

"Ila nataka lile lenyewe," aliendelea. "La kuandika kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Somoe ni bahasha, Mama. Barua iko wapi?"

"Nitakwambia."

"Si useme sasa hivi? Mama, usiniambie hulijui."

Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata. Mtandao ulikuwa safi kabisa.

Aibu niliyoisikia siku ile sijui niipime kwa nini. Mwanamke mzima, fundi ninayejulikana mji mzima, nimeshonea mabibi harusi wasiohesabika, nimekuwa bibi, na jina langu silijui. Na anayelijua alikuwa chumba cha pili, kwenye mkeka wake, anakunja khanga.

Mama nilikuwa naishi naye tangu masika. Alikuwa amekataa kuhama Matambarale miaka yote, mpaka majirani waliponipigia simu kwamba amekutwa njiani kuelekea shambani akiwa na jembe, na shamba lenyewe liliuzwa zamani. Kumbukumbu zilikuwa zinamtoka. Alisahau kama amekula. Aliwaita mbuzi waliokwisha kufa. Kiswahili chake, ambacho hakikuwahi kuwa kingi, kilipungua wiki hadi wiki, akabaki na Kimwera cha utotoni. Lakini mikono haikusahau kukunja, na adabu haikumtoka hata kidogo. Mgeni akiingia alijisogeza na kumpisha, hata kama mgeni huyo ni mimi natoka jikoni na uji.

Nilijua hali inakwenda wapi. Nilitaka nilisikie jina hilo kutoka kwake. Nilitaka nilisikie kabla hajasahau hata kwamba kuna kitu anakificha.

Nikamwuliza waziwazi, akaendelea kukunja khanga. Nikamwuliza kwa ujanja, kwa mfano wakati anachambua mboga na akili iko kwenye majani, akaendelea kuchambua. Siku moja nilikaa mbele yake nikamtajia majina yote ya kike niliyoyajua, moja baada ya jingine, nikimkodolea macho nione ni lipi litamshtua. Alinisikiliza kwa upole hadi mwisho.

"Wageni wote hao umewaita," alisema, "watalala wapi?"

Binti yangu alikuwa ananipigia kila jioni. Mtandao nao uliendelea kusumbua kila jioni.

Ndipo nikapanda bodaboda kwenda Mtua kwa shangazi. Ndiye aliyebaki wa tumbo moja na baba, na kwa muda mrefu tulikuwa tunaonana misibani tu, tunasalimiana, tunaagana. Nilimkuta chini ya mkorosho wake, amekaa kwenye kigoda, anakwanyua korosho kwenye mabibo. Vidole vyake vyote vilikuwa vinanuka mabibo, na nzi wamemzunguka. Nikachukua kigoda kingine, nikaanza kukwanyua naye, na nikiwa nimeinamisha kichwa nikamweleza shida iliyonileta.

Shangazi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga.

"Miaka yote hiyo, mwanangu! Si ungeniuliza tu?"

"Nilidhani na wewe hulitaji."

"Mie kwa nini nisilitaje? Yule mama yangu. Mie hakuwa mkwe wangu." Akalitaja, hivihivi, kama mtu anayeomba apewe ungo. Halafu akanishika kidevu kwa vidole vyake vya mabibo, akaniinua uso. "Na sura yake umeichukua yote. Hata hilo paji la kununa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa jina geni, jina la kale. Kumbe ni jina ambalo pia ni neno, neno la kawaida kabisa, ambalo huenda nawe umelisema leo kabla ya kunywa chai. Siliandiki hapa, kwa sababu mama asingependa kuliona limeandikwa na mwanawe. Lakini nilipolisikia, nilisahau mabibo na korosho, maana nilikuwa nimeelewa jambo jingine kuhusu mama.

Mama hakuwahi kulisema neno lile. Maisha yake yote. Ilipolazimika, alilizunguka, akapita nyuma yake na kutokea upande wa pili. Dukani alionyesha kidole. Kwa majirani alisema "kile", "ile hali", "lile mnalosema ninyi". Sisi watoto tulidhani ni Kiswahili kinamshinda kwa sababu hakusoma. Tulimcheka. Na mimi nilizidisha. Nakumbuka nikiwa darasa la sita, wageni wamekaa, mama anatafuta namna ya kusema na anahangaika, nikamkata kauli kwa sauti ya mwanafunzi bora.

"Mama, si useme tu!" nikamwambia, nikalitaja, nikamtamkia silabi moja moja kama nilivyofundishwa.

Wageni walicheka. Mama alitabasamu, akasema, "Ndiyo, hilo." Mwanawe alikuwa amemsimamia mbele za watu anamfundisha kutamka jina la mkwe wake, jina la mwanawe mwenyewe, naye akatabasamu.

Njia nzima ya kurudi kutoka Mtua nililia nyuma ya bodaboda. Dereva aliniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ni vumbi.

Sasa jina nilikuwa nalo. Ningeweza kumpigia binti yangu jioni ileile na shughuli ikaisha. Sikumpigia. Nililijaribu peke yangu nikiwa napiga pasi, nikajiita kwa sauti ya chini, na halikunikaa. Lilikuwa kama la mpangaji aliyehama. Jina unaloambiwa ukiwa na miaka hamsini na ushee linabaki kuwa habari tu, kwa sababu hakuna aliyekuita nalo ukageuka. Nilitaka aniite mama. Mara moja ingetosha. Nilijua pia kwamba ni jambo ambalo sina haki ya kumwomba, na kujua huko hakukunisaidia chochote.

Ijumaa moja asubuhi nilikuwa natoka kwenda kwenye msiba wa jirani. Nilikuwa nimejitanda khanga kichwani na nyingine kiunoni, kizee hasa, nikapita chumbani kwa mama kumuaga. Jua lilikuwa mgongoni kwangu. Mama aliinua uso, akanitazama mlangoni, na papo hapo akavuta khanga yake kichwani, akajiondoa katikati ya mkeka, akakaa pembeni kabisa, kwenye sakafu, macho chini.

"Shikamoo, mama," alisema.

Kuniita mama si kitu, watu huwaita binti zao mama kwa mapenzi. Lakini mzazi hampi mwanawe shikamoo. Niligeuka nyuma nione ni nani ameingia. Hapakuwa na mtu.

"Shikamoo, mama," alirudia, na sauti ilikuwa na hofu ndani yake, kama ya mkwe aliyesalimia asiitikiwe.

"Marahaba," nikasema. Nilikaa chini pale pale mlangoni.

Yanayofuata aliyasema kwa Kimwera, nami nayaweka kwa Kiswahili nilivyoweza.

"Mama, nina kosa kwako."

"Kosa gani, mwanangu?" Neno hilo, mwanangu, lilinitoka lenyewe.

"Jina lako nimelitaja."

Nje mtu alikuwa anapita na baiskeli, anapiga kengele. Nilisubiri apite.

"Lini?" nikamuuliza.

"Juzi, mtoto alipozaliwa. Wanawake walitoka kuchota maji, nikabaki naye peke yangu. Nikawaza, baba yake atamwita. Wewe utamwita, mawifi watamwita. Mimi tu niliyemzaa ndiye sitamwita, mpaka nife. Nikaweka mdomo sikioni kwake nikamwita. Mara moja tu, mama. Polepole. Hata kuku hawakusikia."

Nilivuta khanga nikajifunika uso. Alifikiri nimekasirika, akajikunja zaidi.

"Mtoto alifanyaje?" niliuliza mwisho.

"Alipiga chafya," alisema, na kicheko kikamtoka, kisha akakumbuka amekaa mbele ya nani, akakiziba kwa khanga.

Nilitamani kumwambia, mama, ni mimi. Mtoto aliyepiga chafya ndiye huyu. Niite tena. Lilikuwa hapo, mdomoni kwake, pengine kwa mara ya mwisho, na mimi mwezi mzima nilikuwa sitafuti kingine. Ningemwamuru, angetii. Ningesema, litaje nisikie ulivyolitaja, naye angelitaja kwa kuniogopa. Lakini nilimtazama alivyokaa pale kwenye sakafu, mwili wa ajuza na macho ya mwanamke wa miaka ishirini aliyejifungua juzi, amebeba kosa hilo miaka yote hii bila kumwambia mtu, hata mwenyewe aliyeitwa. Nampenda mama yangu. Sikutaka akosee mara mbili.

"Nimekusamehe," nikamwambia.

"Kweli, mama?"

"Kweli. Wala halikuwa kosa."

Mabega yake yakashuka. Akavuta pumzi ndefu, akarudi juu ya mkeka, kidogo tu, ukingoni. Alikunjua ncha ya khanga, akaikunja tena. Halafu akauliza, macho bado chini:

"Sasa mimi nimwiteje?"

Nilijua nitakachomjibu yeye, na nikajua pia nitakachomjibu binti yangu aliyekuwa anasubiri Ruangwa.

"Mwite Somoe," nikasema.

Alilifikiria. Akalijaribu kwa midomo bila sauti, kisha kwa sauti ndogo, kama anayeonja mboga kama imekolea. Likampendeza. Akainua kichwa, akatazama nje, uani, mbali na mimi, akaita kama mtu anayemwita mtoto wake arudi nyumbani.

"Somoe!"

"Abee, mama," nikaitika.